Alama Arobaini

Mkaguzi alipofika kwa Mama Osmunda Kapinga maharage yalikuwa yameshaiva, na mimi nilijua kwamba akikubali kula kwanza, tumepona. Akikataa, Mama Osmunda angepoteza haki ya kuishi kwake kabla ya saa sita mchana.

Aliitwa Bwana Lutengano. Alitumwa na Wakala wa Uzee Salama, ulioniajiri mimi pia kama mpimaji, na alipanda mlima kwa miguu kwa sababu gari lake lisilo na dereva lilisimama chini kwenye daraja likagoma, likidai kwamba mbele hakuna barabara. Barabara ipo. Ila gari lile halikuwahi kufundishwa kwamba kitu chenye mwinamo wa namna ile kinaweza kuitwa barabara. Alifika anatweta, kiatu kimoja kimejaa udongo, akamwamkia mwenye nyumba kwa adabu. Sikumchukia. Ningefurahi kumchukia, ingenirahisishia kazi.

Mama Osmunda alikuwa na miaka sabini na tisa. Watoto wake watatu walikuwa mijini, kama watoto wa kila mtu hapa Litembawe. Aliishi peke yake, alikuwa na miche mia mbili ya kahawa, na alilima ngoro, yale mashimo ya mraba tunayochimba mlimani ili mvua isiondoke na udongo. Sheria ya Makao inataka mzee anayeishi peke yake apimwe misuli kila mwaka. Akipata alama arobaini au zaidi, anabaki kwake. Akipata pungufu, anahamishiwa Makao ndani ya siku kumi na nne, akaangaliwe huko, asije akaanguka na kufa bila mtu kujua. Mwaka uliopita nilimpima mimi mwenyewe. Alipata arobaini na tatu.

Mashine ya Wakala ilikuwa imemchagua yeye arudiwe kupimwa, mbele ya mkaguzi. Sababu ilikuwa kifo cha Mzee Wendelini Ndunguru, jirani yake wa bondeni. Mzee Wendelini alikuwa na alama arobaini na nne kwenye kumbukumbu zangu. Mwezi wa nne aliteleza akaingia kwenye shimo la ngoro, akavunjika nyonga, akashindwa kujiinua. Alikaa mle siku mbili mpaka alipoonwa na mtu aliyepita kutafuta mbuzi wake. Wakala uliuliza swali la haki kabisa: mzee wa alama arobaini na nne anashindwaje kutoka kwenye shimo linaloishia magotini?

Jibu nilikuwa nalo. Nilikuwa nalo miezi miwili kabla hajafa.

*

Kupima misuli hakuna cha kutisha. Hakuna sindano, hakuna damu, hakuna kuvua kitu zaidi ya soksi. Mzee analala chali mkekani, nambandika vibandiko vinne, viwili mkononi na viwili mguuni, na mashine inapitisha umeme mdogo mno ambao mwili hauusikii. Umeme hupita kirahisi penye maji na hukwama penye mafuta. Msuli umejaa maji, kwa hiyo umeme ukipita bila tabu mashine inahesabu kwamba msuli upo. Kisha napaka jeli pajani na kupitisha kidude cha mawimbi ya sauti, chenye ukubwa wa kipande cha sabuni, kuona unene wa msuli na kama mafuta yameanza kuuingilia. Mwisho mzee anabana mpini kwa nguvu zake zote, anatembea mita nne, basi. Yote ni dakika kumi na tano. Mashine inayachanganya kwa kanuni ambayo sikuwahi kuonyeshwa, halafu inatoa alama moja.

Kanuni hiyo inauamini sana umeme, na umeme haujui kutofautisha maji ya msuli na maji ya togwa iliyonywewa sasa hivi.

Chuoni walituambia mpimwa asile wala kunywa kwa saa nne kabla ya kipimo. Niliandika daftarini kwa wino mwekundu. Halafu nikarudi kufanya kazi kwetu, ambako mgeni hafungui mkoba wake kabla ya kula, na mwenye nyumba hamwachi mgeni ale peke yake. Siku ya kwanza nilijaribu. Nilimwomba mzee mmoja tupime kwanza, chakula baadaye, akaniuliza nimesikia nini kuhusu chakula cha nyumba yake. Sikurudia. Kwa miaka kumi na moja nilikula ugali na maharage katika kila nyumba, mzee akila na kunywa pamoja nami, tukapiga soga mpaka chakula kikatulia tumboni, ndipo nikatoa mashine. Wazee mia mbili na kumi na wawili.

Kata yetu ikawa ya kwanza wilayani, tukapewa cheti. Waandishi wa habari walipanda kuja kuuliza siri ya misuli ya Wamatengo, wakajijibu wenyewe kwamba ni milima na maharage. Kwenye picha yao mimi ndiye ninayetabasamu kuliko wote.

Mwaka huu ratiba yangu iliangukia Jumatano ya Majivu kwa Bibi Gaudensia Nchimbi. Kanisa limewasamehe wazee kufunga, lakini hakuna padri aliyefaulu kumweleza hivyo Bibi Gaudensia. Alinipikia, akakaa kunitazama nikila, yeye hakugusa kitu. Alama zake zilikuwa zimeshuka saba. Nilidhani mashine imeharibika. Nikajipima mwenyewe asubuhi tatu mfululizo, kabla ya kula na saa mbili baada ya kula. Niliongezeka alama tano, kisha sita, kisha sita tena. Hakuna binadamu anayeota msuli kwa saa mbili.

Nikachukua orodha ya wazee wote nikapunguza sita kwa kila mmoja. Thelathini na wawili walishuka chini ya arobaini. Mzee Wendelini alikuwa na thelathini na nane za kweli, Mama Osmunda thelathini na saba.

Lakini orodha hiyohiyo ilikuwa na jambo lingine, na ndilo lililonifunga mdomo. Wale thelathini na wawili walikuwa chini ya kikomo kwa miaka, wengine sita, wengine minane, huku wakilima na kupanda milima yao, na kwa mwaka walipoteza nusu alama tu. Majedwali ya Wakala wenyewe yanaonyesha kwamba wazee waliohamishiwa Makao hupoteza alama sita au saba kila mwaka. Wakala unasema ni kwa sababu hufika huko wakiwa tayari wamedhoofu. Mimi nilikuwa na wazee waliodhoofu vilevile na hawakushuka. Kosa langu lilikuwa limefanya utafiti ambao hakuna mtu angeruhusiwa kuufanya.

Nilijiambia nitalitafakari. Nilipokuwa natafakari Mzee Wendelini aliteleza. Kosa langu lilimuua yeye na liliwabakiza wengine na nguvu zao, na hakuna kanuni niliyofundishwa ya kuyachanganya hayo mawili ikatoka alama moja.

*

Bwana Lutengano alikuwa na njaa na hakuificha. Alipoonyeshwa mkeka wa kulia alishukuru, akavua kile kiatu chenye udongo, akaketi. Mama Osmunda alimnawisha mikono. Nilimwangalia akiinamisha birika na nikafikiri kwamba sina haja ya kufanya lolote. Nilitakiwa tu nikae nile, jambo ambalo nimelifanya vizuri kwa miaka kumi na moja. Mashine ingesema arobaini na mbili au arobaini na tatu, ripoti ingeandikwa kwamba Mzee Wendelini aliteleza kama anavyoweza kuteleza mtu yeyote, na mlima wetu ungeendelea kuwa wa kwanza wilayani.

Na mwakani mzee mwingine angelala shimoni siku mbili.

"Bwana Mkaguzi," nilisema, "tukila kwanza, kipimo kitakuwa cha uongo."

Mkono wake ulikuwa umeshafika kwenye ugali. Akaurudisha. Nikamweleza yote, tangu wino mwekundu hadi Bibi Gaudensia. Mama Osmunda alibaki amesimama na birika lake. Nilijitahidi nisimtazame.

Mkaguzi aliuliza wazee wangapi na miaka mingapi. Aliuliza alama za kweli za Mzee Wendelini. Nilipomwambia aliifuta mikono yake polepole kwa kitambaa.

"Ungenyamaza nisingejua," alisema.

"Najua."

"Na ulijua tangu Februari."

"Tangu Februari."

Mama Osmunda aliweka birika chini, akaenda mwenyewe kulala kwenye mkeka mwingine, akavua soksi zake. Nilimbandika vibandiko. Mpini aliubana vizuri kuliko wanawake wengi wa umri wangu, na mita nne alizitembea kwa sekunde nne. Lakini mashine inauamini umeme. Ikasema thelathini na sita.

Nilimpa mkaguzi orodha yangu pamoja na majedwali ya Makao, nikamwonyesha nilichokiona. Aliisoma mara mbili. Alisema hilo linafaa kupelekwa kwenye kikao cha Desemba, lakini kikao kitataka namba za mtu aliyehamishwa kutoka hapa, aliyepimwa kwa usahihi kwa miezi sita. Bila hizo watasema orodha ni ya mpimaji aliyekosea. Wale wengine thelathini watarudiwa kupimwa baada ya kikao hichohicho, na timu nyingine. Mama Osmunda alikuwa amepimwa leo, kwa hiyo siku zake kumi na nne zimeanza leo. Alilieleza hilo kwa sauti ya kawaida, akimtazama usoni, na nilimheshimu kwa hilo.

"Haya, sasa mle," alisema Mama Osmunda. Mkaguzi alikula. Mimi sikuweza.

*

Siku ya kumi na mbili nilimfuata Mama Osmunda shambani. Alikuwa anachuma kahawa, kapu kiunoni, mguu mmoja juu ya tuta na mwingine chini yake. Nilichukua kapu jingine nikachuma mstari wa pili. Hakunizuia, tukachuma mpaka mwisho wa mistari.

Nilimwambia nilichokuja kusema. Sheria inamruhusu mzee mwenye alama kati ya thelathini na arobaini kubaki nyumbani, mradi mtu mzima ahamie kwake na kuweka sahihi ya kumwangalia. Mpimaji haruhusiwi kufanya hivyo katika kata yake. Nilikuwa nimeandika barua ya kuacha kazi. Ilikuwa mfukoni.

"Utahamia nyumba ngapi?" aliuliza.

"Moja, mama."

"Waliobaki ni wangapi?"

"Thelathini."

Akamimina kahawa yake kwenye gunia. Aliniuliza kama haya ya wazee kushuka huko Makao nimeyaona au nimeyasoma. Nikasema nimeyasoma, na kwamba wenyewe wanadai wazee hufika huko wagonjwa.

"Mimi ni mgonjwa?"

"Hapana."

"Basi watapata mmoja ambaye si mgonjwa. Utakuja kunipima kila mwezi. Sitakula kabla hujafika. Uandike kinachotoka."

Nilimweleza bila kupunguza kitu, kwa sababu nilikuwa nadaiwa ukweli na yeye kuliko mtu yeyote. Nilimwambia akishuka chini ya thelathini hakuna sahihi itakayomrudisha, na kwamba msuli wa miaka sabini na tisa ukiondoka haurudi. Alinisikiliza mpaka mwisho huku akifunga gunia.

"Nimekukasirikia, Digna," alisema. "Usidhani naenda kwa kuwa nimekusamehe."

Alilibeba lile gunia la debe moja mwenyewe hadi nyumbani. Barua yangu niliichana jioni. Wakala ulinipa onyo la maandishi ukaniacha kazini, nadhani kwa sababu hakuna mwingine aliyeomba kupanda huku.

*

Makao yako tambarare, mwendo wa saa tatu, kwenye bonde lenye joto. Sakafu ni laini, haitelezi, milango inajifungua, kitanda kinajiinua. Chakula kinakuja kwa wakati na ni kizuri. Nilitafuta ubaya nikakosa. Wahudumu ni wema, na wema wao hauna likizo: Mama Osmunda alipoinuka kuchukua kikombe, mtu alikuwa ameshamletea. Alipojaribu kufagia chumba chake ufagio ulipokelewa kwa upole, na kilichobaki kilifagiwa na mashine ndogo inayotambaa ukutani na sakafuni.

Alitembea. Nasisitiza hilo, kwa sababu baadaye kuna waliosema alijilegeza makusudi. Kamera za Makao zilimwonyesha kila asubuhi akienda na kurudi kwenye korido mara ishirini. Ila korido haina mlima.

Juni, siku aliyoingia, alikuwa na thelathini na sita. Julai, thelathini na tano. Agosti, thelathini na nne. Kila mara nilimkuta amelala njaa ananisubiri, vibandiko vikishika ngozi iliyoanza kulegea, na kila mara nilimsomea namba kwa sauti kwa kuwa alitaka isomwe kwa sauti. Septemba, thelathini na mbili; kidude cha mawimbi kilionyesha weupe wa mafuta ukiingia katikati ya msuli wa paja, mahali ambapo hakukuwa na kitu. Hatukuzungumza mengi. Aliuliza kahawa imeuzwaje na nani anazibua ngoro zake.

Oktoba alipata thelathini na moja. Nilizima mashine, nikamwambia mwezi ujao tutakuwa tumechelewa, turudi leo, sahihi yangu ingali inafaa. Nilimsihi. Nilimshika mkono nikamwambia kwamba siwezi kuendelea kuandika.

Aliuliza tuna miezi mingapi. Nikasema tukihesabu Juni ni mitano. Aliuliza kikao kinataka mingapi.

"Sita," nilisema.

"Basi umebaki mmoja."

"Mama, nitakuwa nimekuua wewe pia."

"Wendelini ulimkosea," alisema. "Mimi nimeketi hapa kwa akili zangu. Usininyang'anye hilo."

Novemba alipata ishirini na nane. Mita nne alizitembea kwa sekunde tisa, kiganja kikigusa ukuta.

*

Kikao kilikaa tarehe nne Desemba. Sikuitwa. Bwana Lutengano ndiye aliyezisoma namba, na nasikia alizisoma polepole, mwezi kwa mwezi, kisha akasoma zile za wazee wangu thelathini waliobaki mlimani, nikiwa nimewapima upya wakiwa na njaa, kwa kulinganisha tu, si kipimo rasmi. Baadhi yao walikuwa wamenuna sana nilipokataa chakula. Hakuna aliyekuwa ameshuka hata alama moja kutoka kwenye ile orodha yangu niliyopunguza sita.

Barua ilitoka baada ya siku nane. Kikomo cha arobaini kimesimamishwa kwa mzee yeyote anayelima na kutembea mwenyewe. Hatahamishwa mtu kwa sababu ya alama peke yake. Badala yake kila mzee anayeishi peke yake atatembelewa kila siku, ili asiwepo wa kulala shimoni. Ibara ya mwisho ilisema wakazi wa Makao walio chini ya thelathini watabaki, kwa usalama wao. Ilikuwa ibara ya haki. Mlima wa kwenda kwake asingeupanda tena, na hata angebebwa mpaka juu asingeweza kuishi huko.

Niliipeleka barua siku hiyohiyo, nikamsomea yote, pamoja na ibara ya mwisho. Alikuwa amekaa kitandani, miguu imefunikwa blanketi ingawa bonde lile lina joto.

"Wote thelathini?" aliuliza.

"Wote."

Akaitikia kwa kichwa. Kisha akakunja mkono wa gauni na kunyoosha mkono wake.

Nilimwambia leo si lazima, kikao kimekwisha, hakuna anayezihitaji namba tena.

"Sijala tangu jana jioni, Digna. Nipime."

Nikambandika vibandiko vinne. Alilala ametulia mpaka mashine ilipomaliza, nikamsomea kwa sauti: ishirini na sita. Nilianza kulia nikiwa naiandika, na yeye akanisubiri mpaka nimalize kuandika.